Nukta za Debe Namba Saba

Kila asubuhi kabla ya shule, Macho alipeleka debe la maziwa kwa baiskeli hadi kituo cha kukusanyia maziwa, na kila jioni alilisugua kwa maji moto na brashi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake nyumbani. Jina la Macho alipewa na shangazi yake, kwa kuwa sindano ikidondoka sakafuni, yeye ndiye wa kwanza kuiona. Shangazi alikuwa mpimaji wa maziwa pale kituoni, na Jumamosi alimwita mpwa wake amsaidie kuhesabu. Macho yake mwenyewe, alisema, yalikwisha anza kudai pensheni.

"Vijidudu vya maziwa ni vingi, huwezi kuvihesabu hivi hivi," alikuwa amemweleza. "Kwa hiyo tunayapunguza makali. Fungu moja la maziwa kwa mafungu tisa ya maji safi, hapo ni moja kwa kumi. Chota fungu moja humo, tia kwenye maji mengine mafungu tisa, ni moja kwa mia. Nikirudia mara ya tatu?"

"Moja kwa elfu."

"Haya. Mililita moja ya mchanganyiko huo wa tatu naiweka kwenye kisahani chenye chakula chao kilichoganda. Inalala siku mbili kwenye kabati la joto. Kila kijidudu kinazaana mpaka kinakuwa nukta unayoiona. Hesabu nukta, zidisha kwa elfu."

Ukutani palikuwa na ubao: debe litakalozidi vijidudu laki mbili kwa mililita mara mbili mfululizo, litafungiwa nje mwezi mzima. Debe la mama yake Macho, namba saba, lilikwisha zidi mara moja.

Jumamosi moja mama alikuja mwenyewe. Alisimama uani na maziwa ya siku hiyo, akisubiri majibu ya kipimo cha Alhamisi. Dereva wa lori la kubeba maziwa alikuwa akipiga honi. Dirishani alikuwa amejiegemeza Redio, mwanafunzi mwenzake Macho, ambaye mdomo wake haukuwa na swichi.

"Fanya haraka bwana, dereva ataota mizizi! Ya kwetu ngapi?"

"Arobaini na nane."

"Nilikuambia! Ng'ombe wetu anapiga mswaki."

Macho akavuta kisahani namba saba. Akakigeuza, na kila nukta aliyoihesabu akaitia alama ya kalamu chini ya kioo, ili asiirudie. Mia moja. Mia na hamsini. Alipofika mia na tisini, kalamu ilianza kuteleza kwa jasho, na bado upande mzima ulikuwa haujaguswa. Mia mbili. Mia mbili thelathini na moja. Akarudia kuhesabu. Ni zile zile.

Nje, mama alikuwa akipangusa mfuniko wa debe, ingawa tayari ulikuwa unang'aa.

Macho akaandika: 131. Kijiti tu mahali pa mbili.

"Saba ngapi?" Shangazi akauliza kutoka meza ya pili.

"Mia moja... thelathini na moja."

"Laki moja na elfu thelathini na moja. Limepona! Wifi, sogeza debe. Tuanze na maziwa ya chekechea, wale wadogo wanangoja uji."

"Mdogo wangu yuko huko," Redio akadakia. "Mtilieni na povu!"

Macho akachukua kitambaa chenye spiriti. Akizifuta alama za kalamu, nani atajua? Uani, Shangazi alifunua debe, akashika upawa. Kitambaa kilikuwa kimegusa kioo.

"Shangazi, usichote!"

Upawa ukasimama hewani.

"Si mia moja. Ni mia mbili thelathini na moja. Nimeandika uongo."

Shangazi alirudi ndani, akavaa miwani, akahesabu mwenyewe polepole. Honi ililia mara tatu, hakuinua kichwa. Kisha akakata namba ile kwa mstari, akaandika ya kweli pembeni.

"Wifi, si umesema limepona?" mama akauliza kwa sauti ndogo.

"Aliyesema ni mwanao. Na aliyekanusha ni huyo huyo."

"Lakini debe linaoshwa kila siku!"

Shangazi akageuza mfuniko, akaingiza ncha ya kisu, akauchomoa mpira wake wa kuzibia. Chini yake palikuwa na utando wa manjano, unanuka uchachu. Mama akamtazama Macho.

"Mpira huu unautoaga?"

"Zamani nilikuwa nautoa. Unabana vidole, mama. Nikaona ndani kunang'aa, basi."

Debe lilifungiwa nje mwezi mzima, kama ubao ulivyosema. Njiani mama hakugomba, na heri angegomba. Kila jioni Macho aliuchomoa mpira ule, akausugua, akauchemsha, akauanika. Vidole vilimwuma, hakuacha.

Mwezi ulipokwisha, kisahani namba saba kililetwa tena mezani. Macho akaficha mikono nyuma.

"Hesabu wewe, Shangazi."

"Shika kalamu. Nitahesabu nyuma yako."

Walihesabu. Thelathini na sita mmoja, thelathini na sita mwingine. Elfu thelathini na sita. Dirishani mama alishusha pumzi ndefu, na Redio akapiga kelele, "Na wa kwenu kaanza mswaki!"

Shangazi hakucheka. Alivua miwani.

"Siku ile uliona ni kijiti tu, mwanangu. Lakini hapa hakuna namba ndogo, kila tunachoandika kinazidishwa kwa elfu. Ulificha nukta mia moja, kumbe umewafichia watoto vijidudu laki moja katika kila mililita. Uvivu nao ulianza padogo, chini ya mpira asikoona mtu. Ila ulisema kweli kabla upawa haujazama, na kweli hiyo ilikuumiza wewe na mama yako. Mtu wa namna hiyo ndiye ninayemwachia kalamu."

Akamsogezea kisahani namba nane.