Wanachama Hewa wa Shangazi

Kila siku nikitoka shule, kabla sijavua hata viatu, swali lilikuwa linanisubiri chumba cha mbele.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, Karani. Wamefika wangapi?"

Karani ni mimi. Shangazi alinipa jina hilo kwa sababu namwandikia kwenye kompyuta. Yeye ni fundi wa kutengeneza cherehani. Ametengeneza cherehani za watu kwa miaka thelathini na moja, mpaka mkono wake wa kulia ukasema basi. Daktari alimfunga bendeji akamkataza kunyanyua chuma chochote. Tangu hapo akawa anashinda kwenye kiti chake cha mbao, katikati ya cherehani nne zilizofunguliwa matumbo, chumba kizima kikinuka mafuta ya mashine, hana la kufanya ila kuuliza wamefika wangapi.

"Watano, shangazi. Walewale."

"Haya," alisema, akageukia dirisha.

Tulikuwa tumefungua jukwaa kwenye mtandao, mahali ambapo mshonaji yeyote mwenye cherehani mbovu angeandika swali na shangazi angejibu. Chuo cha ufundi kilicho mtaa wa pili kilitupa nafasi kwenye tovuti yake, ila mkuu wa chuo aliweka sharti: mwisho wa mwezi wawepo wanachama thelathini, la sivyo jukwaa lifungwe. Shangazi alikuwa na daftari nene lenye jalada la turubai, na kila cherehani iliyopita mikononi mwake aliiandika humo kwa mtindo uleule: kasoro, chanzo, dawa. Jukwaa likifungwa, yote hayo yangebaki kabatini na yeye angebaki dirishani.

Msidhani hatukujaribu. Nilibandika matangazo kwenye maduka ya vitambaa mpaka gundi ikaisha. Niliwaomba washonaji mmoja mmoja. Wote walinijibu "tutaangalia," na tutaangalia ya mtu mzima mnaijua.

Jumatatu moja shangazi hakuniuliza kitu. Chakula chake kilikuwa mezani, kimepoa, hakijaguswa. Huruma ilinishika vibaya. Nikafungua kompyuta, nikajisajili upya kwa jina la Kiraka.

Kiraka alihitaji swali, na mimi hata kifungo sijui kushona. Kwa hiyo nilifungua daftari la shangazi kurasa za mwanzo kabisa, nikanakili: cherehani nyeusi, imeungua ubavu wa kushoto, inaruka mshono mmoja kila baada ya mishono sita. Kisha nikaita, "Shangazi, kuna mgeni."

Shangazi alikaa wima. Aliomba miwani. Akanitajia jibu kwa nusu saa nzima, nikiandika, akionyesha kwa mkono ule mbovu jinsi sindano inavyogeuzwa, kana kwamba Kiraka yuko mbele yake. Halafu akala chakula chake kikiwa baridi vilevile.

Basi kesho yake akaja Mama Uzi. Keshokutwa Sindano Butu. Baada ya wiki mbili nilikuwa na wanachama hewa ishirini na wawili, na jamani, kuwa watu ishirini na wawili ni kazi. Mama Uzi anaandika kwa adabu. Sindano Butu ni mbishi, haridhiki na jibu la kwanza. Kiraka anashukuru mpaka anakera. Siku moja nilimfanya Sindano Butu ashukuru kwa maneno ya Kiraka, ikabidi nifute haraka kabla shangazi hajavaa miwani. Kazi za shule zilibaki mkobani. Nilisinzia kwenye somo la hisabati, mwalimu akaniuliza kama nyumbani kwetu kuna vitanda.

Shangazi naye alikuwa anachoka, lakini uchovu wake ulikuwa wa kujibu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kila jioni alijisugua kifundo cha mkono akisema, "Hawa watu wana maswali, Karani."

Kisha Jumatatu nyingine lilikuja swali ambalo sikuliandika mimi. Aliyeandika alikuwa mama mmoja mshonaji wa mji mwingine. Uzi ulikuwa unafanya mafundo chini ya kitambaa, amebadilisha uzi wa chini mara tatu, mafundo yaleyale. Alikuwa na sare arobaini za shule za kukabidhi Ijumaa. "Naomba mnisaidie ndugu zangu," aliandika.

Nililiona. Nataka niseme ukweli hapa, nililiona. Lakini shangazi alikuwa ametoka kumjibu Sindano Butu kwa mara ya tatu, ameegemea kiti, macho amefumba. "Leo basi," alisema. "Mengine kesho." Na mimi nilikuwa nimechoka hadi vidole. Jumanne nilikuwa na shukrani za Mama Uzi za kuandika, na Jumatano nilikuwa na mtihani ambao sikuusomea. Yule mama akanitoka kichwani.

Alhamisi nilifungua jukwaa mbele ya shangazi, nikaanza kusoma kwa sauti kabla sijajua nasoma nini.

"Nilipoona mna wanachama ishirini na saba, nikajua nimefika kwa watu. Leo siku ya nne. Hakuna hata mmoja aliyeniambia pole. Asanteni."

Shangazi alivua miwani taratibu.

"Aliuliza nini?"

Nikamsomea swali. Alilisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Hilo ni jambo la dakika mbili. Wote wanalaumu uzi wa chini, kumbe kosa liko juu." Akanitazama. "Hawa ishirini na saba walikuwa wapi, Karani?"

"Ni watano, shangazi," nikasema. "Wengine wote ni mimi."

Nilingoja anigombeze. Ningefurahi angenigombeza. Badala yake alivuta lile daftari, akalifungua kwa mkono wa kushoto, akaweka kidole kwenye ukurasa wa mwanzo.

"Cherehani nyeusi, imeungua ubavu wa kushoto," alisoma. "Mwenyewe aliiegemezea pasi ya moto. Hii iliuzwa chuma chakavu kabla hujazaliwa. Kiraka nilimjua siku ileile."

"Mbona hukusema?"

"Nilijiambia labda duniani ziko mbili." Alifunga daftari. "Nilitaka awepo, mwanangu. Nimekaa hapa muda mrefu. Kwa hiyo tumekosa wote wawili, na aliyelipa ni huyu mama wa watu. Haya, andika."

Nikaandika: nyanyua mguu wa cherehani, ule unaokandamiza kitambaa, chomoa uzi wa juu wote, upitishe upya ukianzia mwanzo huku mguu ukiwa juu. Mistari miwili na nusu. Kiraka peke yake alikuwa ameandikiwa kurasa nne.

Chini yake shangazi hakunitajia neno la kuandika. Aliniachia kibodi. Nikaandika kwamba mimi ni mtoto wa shule, karani wa shangazi, kwamba wanachama wengi wa jukwaa hili hawapo, kwamba niliwabuni mimi, kwamba ndiyo sababu hakuna aliyemwambia pole, na kwamba pole sana. Kisha nikawafuta mmoja mmoja. Nilipomfikia Sindano Butu nilisita kidogo, nilishamzoea mbishi yule. Nikamfuta. Tukabaki sita pamoja na mama wa sare.

Jibu lake lilikuja kabla giza halijaingia. Mafundo yameisha. Ila sare kumi na tano alikuwa ameshazigawa kwa mshonaji mwingine, maana asingemaliza. "Mtoto," aliandika mwisho, "ungesema tu mko watano, ningeuliza vilevile." Sentensi hiyo niliirudia mara nyingi.

Kumbe yule mama anashonea kwenye safu ya vibanda vya washonaji. Aliwaambia jirani zake kwamba kuna bibi mmoja anajibu, na kwamba karani wake ametubu. Wakaanza kuingia, mmoja leo, wawili kesho, kila mmoja na ubovu wake wa kweli. Tukaweka utaratibu: swali la mgeni husomwa kwanza, siku ileile, hata kama jibu ni "subiri tunafikiri."

Mwisho wa mwezi mkuu wa chuo alikuja na kalamu yake. "Wangapi?"

"Kumi na watano," nilisema.

"Nilipotazama mara ya mwisho walikuwa zaidi ya ishirini."

Shangazi alinitazama. Ilikuwa zamu yangu. Nikamweleza yote, Kiraka na wenzake, na zile sare. Alisikiliza, akaketi kwenye kompyuta, akasoma maswali na majibu mpaka nikahesabu cherehani zote chumbani mara mbili.

"Thelathini haijafika," alisema hatimaye. "Lakini kila aliyeuliza humu wiki hizi mbili amejibiwa. Nawapa muda wa muhula mmoja. Na wewe binti, majina ya kubuni yasirudi."

Alipoondoka nilikaa sakafuni. Shangazi alinisukumia daftari.

"Andika. Cherehani ikiharibika tunaandika."

"Niandike nini?"

"Mtu akibisha hodi, hahitaji nyumba iliyojaa. Anahitaji mmoja wa kumfungulia mlango, na wewe uliwajaza vivuli sebuleni hodi isisikike. Ulinihurumia, najua. Lakini huruma yenye uongo inamchosha anayeitoa, inamchosha anayeipokea, halafu inamwacha nje mwenye shida. Hayo andika kwa kifupi, ukurasa ni mdogo."

Nikachukua kalamu. Chini ya cherehani ya mwisho, kwa mtindo uleule, niliandika:

Jukwaa. Kasoro: wanachama ishirini na wawili wasiokuwepo. Chanzo: karani. Dawa: kusema tuko wangapi.

Shangazi alivaa miwani, akasoma, akachukua kalamu kwa mkono wake mbovu. Kwa shida, herufi moja moja, akaongeza neno kwenye mstari wa chanzo: na fundi.