Dalali Aliyekataza Rangi

Msimu wa kahawa ukiwaka, mjini Mbinga hata anayetaka msumari mmoja hupanga foleni. Siku hiyo duka la vifaa vya ujenzi la Abdulmajid lilifurika wakulima wenye hela mpya mfukoni, huyu anaitisha bati, yule saruji, mwingine kufuli. Katikati ya msukumano huo alisimama Aurelia, amevaa gauni la kitenge cha bluu alilojishonea mwenyewe, likamkaa mpaka watu wakasahau zamu zao. Mikononi alibeba ndoo mbili za rangi.

"Samahani dada," sauti ikamwambia nyuma yake. "Hiyo rangi ni ya nyumba ya kukaa au ya kuuza?"

Akageuka. Kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, viatu vinang'aa kana kwamba vumbi la Mbinga halimhusu.

"Inakuhusu nini?"

"Kama ni ya kukaa, umechagua vizuri. Kama ni ya kuuza, irudishe. Naitwa Hamphrey. Nauza nyumba za watu."

"Kumbe dalali!" Aurelia akasonya. Lakini alipofika mlangoni aligeuka kumtazama tena, na Hamphrey alikuwa bado anamtazama.

Aurelia hakuanza kushuku watu kwa Hamphrey. Marehemu mama yake Aurelia aliwahi kupokonywa shamba la kahawa na bwana mmoja mwenye maneno matamu, akabaki na nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya soko, na nyumba hiyo ndiyo aliyomwachia binti yake. Sasa Aurelia alitaka kuiuza, anunue vyerehani vya kisasa na kufungua karakana ya kushona sare. Akitapeliwa, asingekuwa na pa kuanzia tena maishani. Ndiyo maana alijifunza kila kitu kuhusu kuuza nyumba kutoka kwa kila mtu: taja bei ya mbinguni ili upate pa kupunguza; paka rangi, ufa usionekane; mnunuzi wa kwanza mkatae, watakuja wengine; na hati ikiwa na jina lako, ndugu hawana la kusema.

Wiki ileile Hamphrey alimfuata dukani kwake alikoshonea nguo, na baada ya kubembelezwa sana Aurelia akamkabidhi kazi. Balaa likaanza, maana kila alilojifunza, Hamphrey alilipindua.

"Bei hii ni ya juu mno, Aurelia. Watu watapita mbali kabisa, hata kuuliza hawatauliza."

"Si watapunguziwa?"

"Watapunguziwaje na hawajaja? Halafu kamwone baba yako mdogo kule Matiri. Mnunuzi mwenye akili atauliza ndugu wanasemaje."

"Hati ina jina langu!"

"Sawa, mama hati," akacheka. "Ukinuna hivyo unazidi kupendeza."

Na hapo ndipo Aurelia alipoishiwa nguvu. Jioni simu ikiita, moyo ulimtangulia kupokea.

"Umekula, mpenzi?"

"Unauliza kama mchumba au kama dalali?"

"Dalali ameshafunga kazi. Huyu ni Hamphrey, anataka kujua umekula nini."

"Ugali na dagaa."

"Dagaa wa Mbinga wamechoka safari. Nitakupeleka kwetu Kihagara ukale waliotoka ziwani asubuhi."

Alicheka, akakata simu, kisha akakaa kitandani akijiuliza: huyu ananipenda mimi au anaipenda nyumba yangu?

Mnunuzi wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Kitura, Mwalimu Alphonce, mzee mpole mwenye kofia ya sufu. Hamphrey akamzungusha vyumbani, na kabla hajaulizwa, akasogeza kabati na kumwonesha ufa wa ukutani. Aurelia nusura azimie. Mzee akaupapasa ufa, akataja bei yake, tena si mbaya. Hamphrey akamnong'oneza Aurelia, "Kubali." Aurelia akakataa, kwa sababu mnunuzi wa kwanza hukataliwa.

"Dalali wako anakusaidia wewe au anamsaidia mzee?" aliuliza Tunu, jirani yake wa dukani, aliyeuza vitumbua na habari za watu. "Shoga yangu, nikwambie. Dalali akikushauri upunguze bei, ujue ameshakula upande wa pili."

"Lakini ananipenda, Tunu."

"Na kahawa anaipenda pia. Mvunaji gani haipendi kahawa anayokwenda kuiuza?"

Neno hilo likamkaa Aurelia kifuani. Siku chache baadaye Tunu akarudi mbio kutoka Matiri alikokwenda kununua maharage, kanga imemponyoka begani. "Nimemwona! Dalali wako, yeye na mzee mmoja, wanatoka kwa baba yako mdogo Placidi. Wameacha mzigo umefungwa kwenye kanga mpya. Hakukwambia?"

Hakumwambia. Kumbe ndiyo maana alimsisitizia habari za baba mdogo! Wanakula njama, nyumba inauzwa chini chini, na kwenye ile kanga bila shaka kuna hela. Aurelia akapiga simu Matiri.

"Shikamoo baba mdogo. Hamphrey alikuja huko?"

"Marahaba mwanangu. Alikuja na mwenzake, wameacha mzigo. Nilitaka nikuulize wewe unasemaje."

"Mzigo naujua, na walichofuata nakijua. Urudishwe leo hii! Mimi si wa kununuliwa."

"Una uhakika, Aurelia? Huu ukirudi, umerudi."

"Urudi, baba."

Tangu hapo simu ya Hamphrey ikawa haipatikani. Aurelia akalia, kisha akajipongeza kwa kumshtukia mapema, kisha akalia tena.

Wiki ilipokwisha, hodi ikabishwa mlangoni. Mama mmoja mnene, kilemba cha kijani kichwani, alisimama barazani na Mwalimu Alphonce nyuma yake.

"Naitwa Kunigunda. Ni dalali pia. Hamphrey alinikabidhi nyumba yako niiuze."

"Alikukabidhi lini? Kwa ruhusa ya nani?"

"Kabla hajaenda Matiri. Alisema atakueleza mwenyewe mambo yakikubaliwa." Kunigunda akamkazia macho. "Wewe binti, una ajabu kweli. Mwanamume anaweza kula kamisheni ya nyumba ya ukweni?"

"Ukweni?"

"Hujui alipeleka nini?"

"Hela. Za kumhonga baba mdogo."

"Jembe!" Kunigunda akapiga makofi kwa mshangao. "Jembe jipya lisilo na mpini, kama wazee wenu wa Matiri wanavyotaka mtu akileta posa. Likikaa, mmemkubali. Mkalirudisha! Kijana wa watu kapokea jembe lake mbele ya mshenga, kafunga begi, karudi kwao Kihagara."

Aurelia akakaa chini, hapo hapo kizingitini. Amezaliwa mjini, kakulia mjini, na mambo ya jembe aliyasikia zamani kwa mama yake bila kuyatilia maanani. Alikuwa ameposwa na mtu anayempenda, akamkataa kwa kinywa chake mwenyewe. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

Mwalimu Alphonce akakohoa. "Binti yangu, mimi nimerudi kwa sababu ya ule ufa. Nyumba nyingine zote nilizoona zimepakwa rangi mpya, mpaka nikawa najiuliza zinaficha nini. Hii yako nimeonyeshwa ubaya wake siku ya kwanza. Bei yangu ni ileile."

"Chukua, Mwalimu," Aurelia akasema akifuta machozi. "Baba mdogo atakuja kushuhudia tukiandikishana. Ila mnisubiri. Kuna mtu namfuata."

Kesho yake akavaa gauni lake la njano, akashuka milima na gari la asubuhi mpaka ziwa likatokea chini, pana, jeupe kwa jua. Alimkuta Hamphrey ufukweni Kihagara, peku, suruali imekunjwa magotini, akimsaidia mama yake kuanika dagaa kwenye vichanja. Viatu vya kung'aa havikuwepo. Alimwona Aurelia, akaendelea kuanika.

"Umekuja kudai nini? Nyumba nilishaikabidhi."

"Sikujua kama ni jembe, Hamphrey. Nilidhani ni hela."

"Ulidhani namhonga baba yako."

"Ndiyo."

"Na zile jioni zote, tukicheka kwenye simu?"

Angeweza kumdanganya. "Nilikuwa nakupenda, na nilikuwa nakushuku. Vyote kwa pamoja, kila siku. Nisamehe."

Hamphrey akaweka ungo chini. Macho yake yalikuwa mekundu. "Umeniumiza, Aurelia. Na kesho je? Nikipigiwa simu na mwanamke anayetafuta chumba, nikichelewa kurudi?"

"Nitakuuliza wewe. Sitamuuliza Tunu."

Hamphrey alitaka kukaza uso, mdomo ukamsaliti kwa tabasamu. Hata hivyo akatikisa kichwa. "Jembe likirudishwa, mwenyewe halipeleki tena mpaka aitwe na wakwe. Mimi sina la kufanya."

Aurelia akatoa simu, akabonyeza spika. Akina mama wa vichanjani wakaacha kazi, hakuna hata mmoja aliyejifanya hasikilizi.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba."

"Baba, mwite Hamphrey. Alete tena jembe."

"Jembe?" Mzee Placidi akavuta maneno, maana naye alikuwa na lake moyoni. "Juzi uliniambia mzigo unaujua, ukanifanya nimfukuze mtoto wa watu. Leo sirudii kosa. Sema mwenyewe, nisikie. Jembe la nini?"

Aurelia akatazama wale akina mama, kisha akamtazama Hamphrey.

"La kunioa, baba," akasema kwa sauti kubwa. "Nataka anioe."

Vigelegele vilivyopigwa ufukweni Kihagara, Mzee Placidi alivisikia Matiri, akalazimika kuiweka simu mbali na sikio.