Kiti Ambacho Hakikuombewa

Majira ya baridi, giza la mji mdogo wa Dargaville huingia saa kumi na moja jioni bila kubisha hodi. Ripeka, mhudumu wa nyumba ya kutunzia wazee, alikuwa akifunga mapazia ya sebuleni, kama alivyofanya kila siku kwa miaka tisa, na nyumba nzima ilinukia supu ya malenge. Wazee watano walishakaa, kila mmoja kwenye kiti chake. Wa sita, mama yake mzazi, alisimama katikati ya zulia ameshikilia kigari chake cha kutembelea, hana pa kukaa.

Mahali palikuwapo. Kiti cha kijani karibu na hita, kile cha umeme kinachoinua miguu, kilikuwa kitupu.

"Hicho kina mwenyewe," alisema Mzee Colin, macho yake kwenye televisheni.

"Mwenyewe amekufa, Mzee Colin. Wiki ya tatu hii."

"Mwambie yeye basi."

Wenzake wakacheka kicheko chao kikavu. Ripeka alisikia damu ikimchemka. Bi Heni, mama yake, alikuwa na siku nne tu katika nyumba hii, na katika siku hizo hakuna aliyempa hata salamu. Mezani walimkalia mbali kana kwamba ana upele. Sasa wanamsimamisha kama mtoto aliyeadhibiwa.

"Mimi nitakaa chumbani tu, mwanangu," Bi Heni alinong'ona.

"Hukai chumbani. Kaa hapa, mama. Kiti ni cha nyumba."

Akamkalisha kwa mikono yake mwenyewe.

Mzee Colin akazima televisheni. Kwa miaka yote tisa Ripeka hajawahi kumwona akiizima kabla ya habari.

Bi Doreen Haldane, mwenye kiti kile, alikuwa ameitawala sebule ile kwa fimbo. Yeye ndiye aliyeamua kitazamwe nini na nani akae wapi, na aliyesogea karibu naye alichapwa kwenye kifundo cha mguu. Alifia pale pale kitini, kikombe cha chai mapajani. Glenys, mwenye nyumba, alipomkuta alitazama saa kwanza.

"Akionekana hapa wataniuliza alikaa muda gani bila kuangaliwa," alimwambia Ripeka. "Shika miguu."

Wakambeba hadi chumba namba nne, wakamlaza, wakamfunika vizuri. Familia ikaambiwa amefia usingizini, kitandani kwake.

Huku, kwa desturi ya wenyeji, mtu halali wala hakai mahali alipofia mwenzake mpaka pasomewe maombi na kunyunyiziwa maji. Hata wazungu wa nyumba ile, wanaojifanya hawaamini mambo hayo, hawaingii. Kwa hiyo Mchungaji Wiremu alikuja, akaombea chumba namba nne: pembe zote, dirisha, mpaka uvungu wa kitanda. Ripeka alisimama nyuma yake ameshika bakuli la maji, akaitikia amina. Hapo ndipo angesema. Akanyamaza, kwa sababu Glenys alishamwahidi chumba kile kwa ajili ya mama yake, na waliokuwa wakikisubiri walikuwa kumi na wanne.

Kulikuwa na jambo jingine pia alilolinyamazia. Hilo hakumwambia hata Glenys.

"Mama, umekaa vizuri?"

Bi Heni akakusanya mikono mapajani, kama anayeshika kikombe.

Harufu ya supu ilikuwa imepotea. Badala yake ilikuja harufu ya peremende... zile nyeupe, kali, ambazo Bi Doreen alizimung'unya tangu asubuhi hadi usiku.

Halafu, sakafuni, nyuma ya kiti...

Ko. Ko. Ko.

Fimbo ile ilikwishachukuliwa na mtoto wake, akaondoka nayo Brisbane.

Kiti kikaanza kunguruma. Sehemu ya miguu ikapanda polepole, ikainua miguu ya Bi Heni. Ripeka alitazama ukutani. Waya ulikuwa umechomolewa, umelala juu ya zulia.

"Chai yangu ilikuwa ya baridi," alisema mama yake.

Sauti haikuwa yake. Mama yake alikuwa mtu wa kuongea pole pole. Hii ilikuwa sauti ya kuamrisha.

"Mama..."

"Mimi si mama yako. Wewe ndiye uliyeshika miguu."

Ripeka alitaka kulia. Mama mtu mzima, aliyemlea peke yake kwa vibarua vya kuvuna viazi vitamu, na yeye ndiye aliyemtia kwenye kinywa cha kitu hiki. Akatoa simu.

Glenys alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia yote.

"Ukimpigia mchungaji," alinong'ona, "mama yako anahama leo hii. Na wewe nyuma yake."

Ripeka akampigia.

Mchungaji Wiremu alikaa mtaa wa pili. Alifika na gamboti zenye tope, akamtazama Bi Heni, akatazama kiti.

"Alifia wapi yule bibi?"

"Hapa," Ripeka alisema. "Tulimhamisha. Nisamehe, mchungaji."

Mchungaji akatoa chupa ya maji. "Kuna kingine?"

Wazee wote walikuwa wakimtazama. Glenys pia.

"Hakuna."

Basi akaomba. Akanyunyiza maji kwenye kiti, kwenye hita, kwenye korido yote waliyompitisha. Kiti kikashuka. Bi Heni akapepesa macho, akaomba supu kwa sauti yake mwenyewe, akashangaa kwa nini binti yake anamkumbatia mbele za watu. Mzee Colin alimsogezea biskuti. Glenys alirudi ofisini na kujifungia. Kesho ingekuwa kesho.

Saa moja Ripeka alimlaza mama yake. Chumba namba nne kilikuwa kimetulia, kama siku zote. Bi Heni alishikwa na usingizi kabla hajavuliwa soksi. Ripeka akapiga magoti, akazivua moja moja, akaipakata ile miguu midogo iliyochoka, akashukuru.

Jioni ile walipombeba Bi Doreen, katikati ya korido, vidole vya miguu yake vilikuwa vimejikunja mkononi mwa Ripeka. Mara mbili. Aliangalia kama Glenys ameona, kisha akaendelea kutembea. Alijiambia ni mikono yake tu inayotetemeka; maiti hakunji vidole.

Sasa mikono yake ilikuwa imetulia kabisa.

Vidole vya miguu ya mama yake vikajikunja kiganjani mwake.

Mara moja...

Mara mbili.

Akainua kichwa. Macho ya mama yake yalikuwa yamefumbwa, pumzi inakwenda taratibu, na pumzi ile ilinuka peremende.

"Siku ile ulihisi," midomo ikanong'ona. "Na bado ukanifunika."