Mpira wa Kuzama wa Nthenya

Kila siku kengele ya saa kumi ilipolia, Nthenya Mutiso alikuwa wa kwanza kutoka darasani. Alitia vitabu mkobani, akavua viatu, akakimbia hadi uwanja wa Shule ya Msingi ya Bustani, hatua chache tu kutoka Kenyatta Market, ambako mama yake aliuza matunda. Mwaka huo wa 1971 alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa darasa la saba, na shule nzima ilimjua. Yeye ndiye aliyekuwa mrushaji wa timu ya softboli.

Mchezo huo uliletwa na mwalimu mgeni aliyefundisha pale miaka miwili, akaondoka akawaachia magongo matatu na glavu tisa. Mrushaji huutupa mpira kwa mkono unaopita chini ya kiuno, na mpigaji wa timu ya pili huungoja na gongo lake. Akiukosa mara tatu, ametoka. Wengi walitoka mbele ya Nthenya, kwa sababu alikuwa na mpira wake mwenyewe ambao wenzake waliuita mpira wa kuzama. Ulikuja usawa wa kiuno, na mpigaji alipouzungushia gongo, ukadondoka ghafla hadi magotini. Gongo likapiga hewa, na watoto wakaangua kicheko.

"Unaufanyaje, Nthenya?" waliuliza.

"Unajifanya wenyewe," alijibu akicheka. Hakuwahi kumwonyesha mtu.

Jumamosi moja ya mvua, Nthenya alikuwa akimsaidia mama yake kubeba karai la machungwa. Akateleza kwenye sakafu yenye maji, akauangukia mkono wake wa kulia. Hospitalini daktari alimfunga plasta nyeupe kutoka kwenye vidole hadi kwenye kiwiko.

"Wiki sita," daktari alisema.

"Lakini mashindano ni baada ya wiki tano!"

"Basi mwaka huu utashangilia," daktari akasema kwa upole.

Jumatatu, Mwalimu Odero, mkufunzi wa timu, aliitazama ile plasta akatikisa kichwa. Alikuwa mtu mrefu, mcheshi, aliyejifunza softboli kutoka kwenye kijitabu na kwa kukosea.

"Pole sana, binti. Lakini mkono ndio uliovunjika, mdomo bado mzima. Kuanzia leo wewe ni mkufunzi msaidizi. Utamfundisha Mabruka kurusha."

Nthenya aligeuka kumtazama Mabruka Sharif. Mabruka alikuwa amehamia Nairobi mwaka uliotangulia kutoka Lamu, baba yake alipopata kazi ya ukarani katika ofisi moja mjini. Alikuwa msichana mpole, mwenye vidole virefu, na alirusha vizuri. Vizuri mno, Nthenya aliwaza, na moyo ukamwuma.

Kwa siku kadhaa alimfundisha kwa haki: jinsi ya kusimama, jinsi ya kuuzungusha mkono, jinsi ya kumtazama mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kuupokea mpira, na si mpigaji mwenyewe. Mabruka alishika upesi. Siku ya tano, wachezaji wenzake walimpigia makofi, na mmoja akapiga kelele, "Huyu atampita Nthenya!"

Alasiri hiyohiyo Mabruka alimwuliza, "Nthenya, na ule mpira wa kuzama, unashikwaje?"

Nthenya aliutazama mpira. Kisha akasema, "Ushike kwa kiganja chote. Ukaze kabisa, kama unamnyonga kuku. Halafu uuachie mapema."

Huo ulikuwa uongo. Mpira wa kuzama hushikwa kwa ncha za vidole, hauingii kiganjani hata kidogo.

"Ahsante sana," Mabruka alisema, na tangu hapo akawa anafanya mazoezi ya mshiko huo hata wakati wa mapumziko.

Wiki mbili kabla ya mashindano, timu ya Bustani ilikwenda kucheza mechi ya kirafiki na shule moja ya Loresho. Mambo yalianza vizuri. Kisha Mabruka akajaribu mpira wa kuzama. Haukuzama. Ulielea polepole kama puto, na mpigaji wa Loresho akaupeleka hadi kwenye maua ya waridi ya mwalimu mkuu wao. Akajaribu tena, na tena. Kila mara gongo lililia *ko!* na wasichana wa Loresho wakakimbia vituo vyote vinne wakirukaruka. Bustani walifungwa kumi na moja kwa tatu.

Nthenya alikuwa amedhani atafurahi. Hakufurahi. Mabruka alipita mbele yake macho yakiwa mekundu, akasema, "Nisamehe. Umenifundisha vizuri, ila mimi sina kipaji."

Siku iliyofuata Mabruka hakuja mazoezini. Mwalimu Odero akamtuma Nthenya kwenda kumwona nyumbani, katika nyumba za serikali upande wa pili wa soko.

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu," alijibu Bi Zainab, mama yake Mabruka. "Ah, kumbe ndiwe Nthenya! Kaa, kaa, ule mahamri. Kila siku tunalisikia jina lako. Mwenzio akisali hukuombea huo mkono upone."

Nthenya akalirudisha hamri lake sahanini. Mabruka akatokea, na alipopokea kikombe cha chai, Nthenya aliona kiganja chake. Kilikuwa kimechubuka pale mpira ulipokuwa ukikazwa siku baada ya siku.

"Mabruka," Nthenya alisema, "mshiko ule si wenyewe. Nilikudanganya."

Bi Zainab alitazama mmoja, akatazama mwingine, kisha akachukua birika akaenda jikoni.

"Kwa nini?" Mabruka aliuliza.

"Niliogopa watanisahau. Walisema utanipita."

Mabruka alikitazama kiganja chake kilichochubuka. "Siwezi kukwambia si kitu," alisema. "Nimelia jana mpaka kichwa kikaniuma, kumbe kosa halikuwa langu. Nimekasirika, Nthenya."

"Una haki."

"Lakini mashindano nayataka. Kesho saa kumi nitakuwa uwanjani. Uje na ukweli. Na uwaambie wenzetu, maana wao pia walifungwa."

Kesho yake, Nthenya alisimama mbele ya timu nzima na Mwalimu Odero, akaeleza kila kitu bila kujitetea. Minong'ono ikapita. Msichana mmoja akasema waziwazi kwamba mtu kama huyo afukuzwe.

Mwalimu Odero alikuna kidevu. "Angenyamaza, nani angejua? Hakuna. Kosa ni kubwa, na kulikiri si jambo dogo. Nthenya, mpaka siku ya mashindano utaokota mipira yote baada ya mazoezi, kwa huo mkono mmoja. Na sasa fanya kazi niliyokupa."

Kazi haikuwa rahisi. Nthenya alichukua chungwa kutoka kibandani kwa mama yake, akaonyesha mshiko kwa mkono wa kushoto: vidole vitatu juu, gumba chini, kiganja wazi. "Mkono ukifika pajani, gumba liachie kwanza. Vidole viuvute mpira kwenda juu, kama unainua pazia."

Mipira ya kwanza ya Mabruka ilichimba mchanga. Mingine ilimpita mdakaji juu ya kichwa. Nthenya akazidi kumwambia, "Hapana, fanya kama mimi!" mpaka akagundua tatizo. Vidole vya Mabruka vilikuwa virefu kuliko vyake. Vitatu vilikuwa vingi mno.

"Jaribu viwili," alisema polepole.

Mabruka akarusha. Mpira ulikuja usawa wa kiuno, ukazama kama jiwe lililotupwa kisimani. Wote wawili wakapiga yowe, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mahamri, Mabruka akacheka pamoja na mwenzake. Nthenya alishangaa kuona kwamba furaha aliyokuwa nayo ilikuwa kubwa kuliko ya kuurusha yeye mwenyewe.

Siku ya mashindano, Bustani walikutana na Loresho tena, katika fainali. Walikuwa wakiongoza kwa pointi moja, ikabaki zamu ya mpigaji wa mwisho, yuleyule aliyeupeleka mpira kwenye waridi. Aliukosa wa kwanza. Akaukosa wa pili. Nthenya, kutoka kwenye benchi, alimwashiria Mabruka arushe wa kasi. Mabruka akatikisa kichwa kukataa. Nthenya akaushusha mkono wake wenye plasta, kana kwamba anasema: *haya, wewe ndiye unayerusha.*

Mpira ulikuja mzuri, mwepesi, usawa wa kiuno. Mpigaji akatabasamu, akazungusha gongo kwa nguvu zake zote. Mpira ukazama. Msichana akajizungusha mara mbili kama pia, akaketi chini. Uwanja mzima ukalipuka kwa vifijo.

Mkono wa Nthenya ulipona. Alirusha mpira miaka minne ya sekondari na mitatu katika timu ya wanawake ya jiji. Mwaka wa 1979, akiwa mwalimu kijana, alianza kuwafundisha softboli wasichana wa shule moja karibu na Westlands. Siku moja, walipokuwa wamekaa nyasini baada ya mazoezi, walimwuliza, "Mwalimu, mechi gani ilikuwa kubwa kuliko zote ulizoshinda?"

"Ile ambayo sikurusha hata mpira mmoja," aliwajibu, akawasimulia yote, hata uongo wake.

Kisha Mwalimu Nthenya akasema, "Nilidhani nikimfundisha mwenzangu nitabaki mikono mitupu. Sivyo. Ujuzi niliouficha ulituangusha sote. Ule niliougawa ulitushindia kombe, ukanipa na kazi niipendayo. Ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajaumia zaidi kwa sababu yako. Na unachokijua, mfundishe mwenzio kwa ukweli, hata kama atakupita."

Akanyanyuka, akapangusa nyasi kwenye sketi yake, akachukua mpira. "Haya, simameni. Nani anataka kuona mpira unaozama?"

Mikono yote ikainuka.