Pete Ndani ya Kopo la Unga

Lifti ilishajaa, lakini yeye alijipenyeza hivyo hivyo, gauni la kijani, koti jeupe mkononi, akamkanyaga fundi wa viyoyozi aliyebeba ngazi. Akaomba radhi.

"Nikanyage tena, dada, nijue kama ulikusudia," fundi alisema. Lifti nzima ikacheka. Mapenzi mengine huanza kwa kidole gumba kuvimba, nani wa kuyazuia?

Bibie alikuwa mkemia. Alitengeneza unga mweusi wa betri, oksidi ya metali iliyopangika tabaka juu ya tabaka, sodiamu katikati. Unga wenyewe ulijaa deko: ukiguswa na hewa yenye unyevu, sodiamu hutoka na kuganda juu yake kama ukoko mweupe, na betri haifai tena. Kwa hiyo ulikaa kwenye kopo lililozibwa, ndani ya chumba kikavu, na fundi ndiye aliyetunza mashine ya kukikausha. Mkemia alimweleza hayo kila walipokula mchana. Fundi alikuwa akitazama midomo tu.

Siku wakubwa walipokuja kuamua kama kazi ya mkemia iendelee au ifungwe, alifungua kopo mbele yao. Unga ulikuwa umeshikana mabonge. Kutoka katikati ikadondoka pete ya dhahabu.

Wote walipigwa na butwaa. Yeye aliijua mara moja mikono iliyoitia, maana ufunguo mwingine wa chumba alikuwa nao mtu mmoja tu. Alifurahi na kuumia kwa pamoja. Alitoka akapiga simu.

"Umeiona, kipenzi?" Sauti ilijaa asali.

"Ulifungua kopo lini?"

"Jana, nilipozima mashine niisafishe. Mara moja tu, nikaziba."

"Ulizima mashine, halafu ukafungua."

Hapo ndipo fundi alipoelewa.

"Usinipigie tena," mkemia alisema, akakata.

Meneja alimwita mzembe, akataka kumwachisha kazi. Mkemia hakumtaja mtu. Fundi alipopata habari alipanda ngazi mbio, akakiri yote. Alipoulizwa kama mkemia alijua, alijibu kwamba masikini hakujua lolote, hajui hata kama anataka kuolewa naye. Akanyang'anywa funguo palepale, na mkemia akaruhusiwa kujaribu tena.

Jioni alimkuta fundi mlangoni, katikati ya watu waliokuwa wakitoka kazini, anafunga vifaa vyake.

"Nimeuchoma unga upya kwenye tanuri," alimwambia. "Umerudi, ila si wote. Wamekubali niendelee."

"Nashukuru Mungu. Nisamehe, mpenzi."

"Kazi umepoteza kwa ajili yangu."

"Kazi nitapata nyingine."

Alimwekea pete kiganjani. Fundi akajua yameisha, macho yakajaa machozi.

"Sasa niulize," mkemia alisema. "Kwa mdomo, kama watu wengine."

Fundi, bingwa wa maneno, alifungua mdomo na sauti isitoke. Watu walisimama kutazama. Mkemia alingoja, akangoja, mwishowe akanyoosha kidole mwenyewe.

"Haya, ndiyo," alisema. "Nivishe kabla sijabadili mawazo."