Betri Zilizoanikwa Juani

Watu husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Si kweli. Nyumbani kwetu kimya kilikuwa kingi kwa miaka miwili, tangu tulipokimbia Burundi mwaka 1972, na hakikuleta mshindo wowote. Baba na kaka yangu Niyitegeka walipotea siku tuliyovuka mto. Hatukupata barua wala salamu. Majirani walipoanza kumwita mama mjane, aliweka jembe chini akawaambia, "Aliyeliona kaburi lake anionyeshe." Kisha akaendelea kulima.

Kila Jumamosi, nikishachota maji na kumenya mihogo, nilikwenda kanisani kumsaidia Katekista Tharsisi kutayarisha vyombo vya sauti. Kigango chetu, mwendo wa saa mbili kutoka Busunzu, hakikuwa na umeme. Lakini kilikuwa na kipaza sauti chenye mdomo mpana kama ua la boga, kilichotumia betri ya gari, na tepu rekoda iliyotumia betri sita za tochi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na kazi niliijua. Waya mwekundu kwenye alama ya kujumlisha, mweusi kwenye ya kutoa. Maikrofoni ikae nyuma ya kipaza sauti, la sivyo hutoka mluzi wa kuchoma masikio. Kichwa cha tepu kifutwe kwa pamba yenye spiriti.

Mwaka huo makatekista walikuwa wakizunguka na kanda katika makazi ya wakimbizi, wakirekodi kila aliyetafuta jamaa zake: jina lake, kilima alichotoka, na maneno machache. Kanda ilipitishwa kigango kwa kigango, ikasikilizwa baada ya ibada ya Jumapili. Mwanamke mmoja wa Kasanda alimpata dada yake hivyo. Tangu siku mama aliposikia habari hiyo, hakukosa kukaa mbele.

Alhamisi moja katekista alikwenda Kasulu kuchukua kanda nyingine. Aliniachia betri sita mpya ndani ya kopo.

"Uwimana, hizi ni za sauti za watu. Jumamosi zijaribu kidogo tu, vinginevyo usiziguse mpaka nirudi."

"Sawa, Katekista."

Ijumaa jioni mwenzangu wa darasani, Sylvesta, alinikuta nafagia kanisa. Akaegemea mlango.

"Kumbe wewe ni fundi wa vumbi! Hata kuiwasha hiyo mashine hujui."

"Najua kuliko wewe."

"Basi washa tuone."

Nikazitia betri za kopo, nikaiwasha. Sylvesta alitangaza mpira wa timu ambazo hazipo duniani. Mimi nikamwigiza mwalimu mkuu anavyokohoa kabla ya kuchapa. Tulirekodi kwenye kanda chakavu ya mazoezi, tukasikiliza, tukafuta, tukarekodi tena, mpaka mbavu zikauma. Mwishowe nikasikia kikohozi cha mwalimu mkuu kikivutika kama kamba. Betri zilikuwa zimechoka.

"Zianike tu," alisema Sylvesta. "Bibi yangu huanika za redio yake, na zinaamka."

Nani kwetu hakuwahi kuanika betri? Kesho yake asubuhi nilizipanga juu ya bati. Kufikia saa sita zilikuwa moto kama viazi vilivyotoka jivuni. Nikazijaribu dakika moja, sauti ikatoka safi. Katekista alifika jioni, vumbi la safari ya baiskeli limemjaa mpaka kwenye nyusi.

"Betri umezijaribu?"

"Nimezijaribu, Katekista. Ni nzima."

Hapo nilimdanganya, ingawa mashine ilikuwa imewaka kweli.

Jumapili watu hawakuenea ndani, kwa hiyo tulikaa nje, kipaza sauti kikiwa kimefungwa juu ya mkaratusi. Sauti ya kwanza ilitoka vizuri. Ya pili vizuri. Ya tatu ilikuwa ya kikongwe aliyetaja watoto wake saba mmoja mmoja, na hakuna aliyejibu. Ya nne ilianza na salamu ya kwetu, "Amahoro," kisha ikazama. Ikawa nzito, ikajikokota, maneno hayakueleweka tena.

"Ng'ombe dume naye anatafuta jamaa zake!" alisema Sylvesta, na watoto wakaangua kicheko. Hata watu wazima walificha midomo. Mama peke yake hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.

Katekista alikaza nyaya. Akafuta kichwa cha tepu. Akachomoa waya wa kipaza sauti, akatega sikio kwenye tepu yenyewe. Mngurumo ulikuwa ule ule.

"Betri ni mpya," alisema. "Basi kosa ni la kanda. Jua la njiani limeiharibu." Akageukia watu. "Ndugu zangu, hii haina faida tena. Nitaifuta, turekodi sauti zetu sisi wa hapa, iende nazo Kagerankanda."

Nilimtazama Sylvesta. Akatazama miguu yake. Kidole cha katekista kikagusa kitufe chekundu.

"Usifute!" nilipiga kelele. "Kanda ni nzima! Betri ndizo mbovu, nilizimaliza mimi!"

Mzee Ntirampeba, mwenyekiti wa kigango, aliinuka kwa fimbo yake. "Mtoto anapiga kelele mbele ya kanisa? Kaa chini!"

"Sikai, Mzee, mpaka aondoe kidole."

Katekista alikiondoa taratibu. "Uliniambia umezijaribu."

"Nilizianika kwanza."

Alinitazama, na macho yake yaliniuma kuliko kiboko. "Kimbia kwa Bi Mwanaamina," akasema.

Bi Mwanaamina alikuwa na duka kando ya barabara.

"Betri zimekwisha tangu juzi, mwanangu. Za kazi gani?"

Nilimweleza huku nahema. Hakuniuliza la pili. Alifungua redio yake akatoa nne, akafungua tochi ya mumewe akatoa mbili.

"Bwana Khatibu leo atapapasa ukuta," alisema. "Haya, nenda."

Katekista aliziweka, akarudisha kanda nyuma. Sauti ya nne ilisema: "Amahoro. Mimi ni Niyitegeka."

Watu wote walimgeukia mama, kwa maana jina lake pale kijijini lilikuwa Mama Niyitegeka. Yeye alitikisa kichwa.

"Siye. Wangu ana sauti ya mtoto."

Alimpoteza akiwa na miaka kumi na minne. Sauti ilikuwa imekua bila yeye, na betri yoyote isingeweza kumrudishia ile ya zamani.

"Namtafuta mama yangu, na dada yangu Uwimana," sauti iliendelea. "Mama, mimi nipo Ulyankulu, ninalima. Baba hakuvuka. Nilimfukia mwenyewe kwa mikono, nikamwekea mawe juu. Usimngoje."

Mama hakupiga ukunga. Alifungua kilemba chake, akakiweka mapajani, akasema, "Rudisha." Katekista akarudisha. "Rudisha tena." Mara ya tatu wanawake walikuja wakaketi chini pamoja naye, na ndipo alipolia. Nilikuwa sijawahi kumsikia mama akilia. Nililia naye.

Baadaye Mzee Ntirampeba alituita mbele yake, mama akiwa ameshikwa mikono.

"Umeona ulichomletea mama yako? Jana alikuwa na mume wa kumngoja. Mwombe radhi kwa kelele zako, na kanisa nalo uliombe."

"Ngoja, Mzee," alisema Katekista Tharsisi. "Uwimana, sikiliza, na nyinyi watoto wote sikilizeni. Betri iliyokufa ukiianika huamka kidogo, kisha inakuangusha mbele ya watu. Kosa lililofichwa ni hivyo hivyo. Ungeniambia jana, ningetafuta nyingine, na mama yako asingesikia mwanawe akichekwa. Umesema kweli kwa kuchelewa, lakini umeisema kabla kidole changu hakijashuka. Hilo ndilo lililotuokolea sauti ya kaka yako. Kosa likitokea, liseme siku hiyo hiyo."

Mama aliinua uso uliovimba. "Nitamwandikia mwanangu kesho," alisema. "Leo nataka kumlilia baba yake."

Nikapiga magoti mbele ya katekista. "Nisamehe kwa betri. Nisamehe kwa kukudanganya."

"Nimekusamehe."

"Na kelele je?" Mzee Ntirampeba aligonga fimbo chini. "Kelele za mbele ya kanisa?"

Nilisimama, nikajipangusa machozi.

"Kwa kelele, Mzee, siombi radhi."