Anayekalia Mikono Yake

Kila Jumanne na Alhamisi, shule ikifungwa saa tisa alasiri, Romy Nowicki alivaa koti lake zito, akafunga zipu hadi kidevuni, akavuka barabara mbili hadi kwenye jumba la tiba. Huko ndiko babu yake, mzee Casimir, alikokuwa akifundishwa upya kuutumia mkono wake wa kulia. Romy alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kazi yake ilikuwa kumsubiri babu amalize, kisha warudi nyumbani pamoja na dada yake mkubwa, Colette.

Mzee Casimir alikuwa mchinjaji kwa miaka arobaini. Mji mzima wa Erie, huko Marekani, ulizijua soseji zake. Mwezi wa Agosti kiharusi kilimpata, na mkono uliokuwa ukimaliza nguruwe mzima kabla ya chai ya saa nne sasa ulishindwa na kifungo cha shati.

Aliyemfundisha aliitwa Bi. Tibbets, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Kazi yake ilikuwa tiba kazi, yaani kumrudishia mgonjwa shughuli zake za kila siku: kuvaa, kula, kuchana nywele, kukata mkate. Lakini Romy alipomtazama hakuona tiba wala kazi. Bi. Tibbets alimpa mzee shati lenye vifungo saba, akaketi mbele yake, akaipitisha mikono yake chini ya mapaja, akaikalia. Basi. Mzee alihangaika, jasho likamtoka, kifungo kikamponyoka mara tano, na mama yule akamtazama tu. Siku moja Romy alihesabu kwa saa ya ukutani, akaona kifungo kimoja kimechukua dakika kumi na mbili.

“Huyu mama analipwa kwa kuketi,” Romy alimnong’oneza dada yake.

“Na mimi niende chuo miaka miwili zaidi nikajifunze kuketi kama yeye,” Colette alijibu, wakacheka. Tangu siku hiyo wakawa wanamwita Bi. Vifungo.

Colette alikuwa na miaka ishirini na mitatu na shahada yake ya kwanza, na alikuwa na maringo mengi kuliko akili, ingawa akili hazikuwa haba. Alitaka kuwa daktari wa upasuaji. Aliomba vyuo tisa, na vyote tisa vikamjibu kwa barua fupi za adabu. Ndipo akasema, kama mtu anayeshuka ngazi akiwa ameshika pua, kwamba ataomba shahada ya uzamili ya tiba kazi, kwa kuwa hiyo hata aliyelala usingizi angeipata.

Chuo kilikuwa na masharti yake. Mwombaji aandike insha kueleza kwa nini anaitaka kazi hiyo, alete barua ya mtu anayemfahamu, na alete karatasi inayoonyesha kwamba ametazama kazi hiyo ikifanywa kwa saa arobaini, kwa wagonjwa wasio jamaa zake. Kila siku aliyohudhuria, tarehe na saa ziandikwe, na mtaalamu atie herufi za mwanzo za jina lake. Maombi yote yafike kabla ya tarehe mosi Desemba.

Mwezi wa Oktoba Colette alitazama kwa saa kumi na sita, huku nusu ya saa hizo akitazama simu. Novemba ilipoingia hakuonekana tena. Alimwacha Romy mlangoni, yeye akavuka barabara kwenda mkahawani kunywa kahawa yenye povu. Nyumbani alimwambia mama yao kwamba saa zinakwenda vizuri, na mama, aliyekuwa akifanya kazi zamu mbili kiwandani, alifurahi na kumwamini.

Jumapili moja Colette alimwita Romy chumbani, akamwekea karatasi mezani. Alikuwa amejaza mistari minane mipya, Jumanne na Alhamisi za wiki nne za Novemba, na hesabu ilitimia arobaini kamili. Siku mbili katika hizo zilikuwa hata hazijafika. Kilichokosekana ni herufi za Bi. Tibbets.

Sasa, Romy alikuwa na kipaji ambacho shuleni kilimpa sifa asizostahili. Aliweza kuiga mwandiko wa mtu yeyote. Alitazama kwenye mistari ya Oktoba ile L iliyoinama na ile T yenye mkia uliojikunja, akajaribu mara tatu kwenye karatasi ya takataka, kisha akaandika L.T. mara nane bila kutetemeka. Colette alimbusu kichwani na kumwambia kwamba yeye ndiye msaidizi bora duniani. Romy alivimba kichwa siku nzima. Hakujiuliza lolote. Mtu anayesifiwa kwa uovu husahau upesi kwamba ni uovu.

Alhamisi iliyofuata ilikuwa Sikukuu ya Shukrani. Mama alioka bata mzinga, akaponda viazi, akatengeneza mchuzi, na kwa ajili ya babu akaweka kabichi chachu na soseji. Walipoketi, mzee Casimir alichomoa kisu kipya mfukoni. Ubapa wake ulikuwa wa mviringo, na mtu alikata nyama kwa kukibembeza huku na huku kwa mkono mmoja. Alisema kwamba Bi. Tibbets alimpa kazi ya nyumbani: leo ajikatie nyama yake mwenyewe, mbele ya watu wote.

Mama aliweka uma chini akasubiri. Mzee alikishika kisu, kikamteleza. Alikishika tena, akakibembeza, nyama ikakimbilia ukingoni mwa sahani. Vidole vilitetemeka, lakini uso ulikuwa wa mchinjaji aliyeko kazini, na alianza kupata njia. Kipande kimoja kilikuwa kimekaribia kukatika.

Colette alishusha pumzi kwa nguvu. Aliinuka, akaivuta sahani ya babu, akaikata nyama yote vipande vidogo vidogo kwa kisu chake, akairudisha. “Haya babu, kula kabla haijapoa.”

Mzee Casimir aliitazama sahani. Alikifunga kisu chake kwa leso, akakirudisha mfukoni.

“Nimewakatia watu nyama miaka arobaini,” alisema. “Leo nimekatiwa kama mtoto anayeota meno.”

“Nilitaka kukusaidia tu, babu.”

“Umeisaidia haraka yako, si mimi. Mama yako ananiambia umetimiza saa arobaini na Bi. Tibbets. Zote hizo hukumwona akikalia mikono? Unadhani anaikalia kwa sababu ya baridi?”

Colette aliinamia sahani yake. Mzee aliisukuma sahani kando, akaongeza kwamba afadhali leo jumba la tiba limefungwa na Bi. Tibbets yuko Cleveland kwa dada yake, la sivyo angeona aibu kumpigia simu na kumwambia somo limeharibika.

Romy aliacha kutafuna. Jumba limefungwa leo. Leo ni tarehe ishirini na nne. Mstari wa nane wa ile karatasi ulisema kwamba leo, tangu saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni, Colette Nowicki alikuwa akimtazama Bi. Tibbets akifanya kazi, na L.T. ilithibitisha. Nani katika nchi nzima asingejua kwamba siku hii watu wote wako mezani wanakula bata mzinga? Waongo wawili, mmoja amesoma chuo kikuu, na hawakuwa na akili ya kutazama kalenda. Romy alijidharau.

Walipokuwa wakiosha vyombo alimweleza dada yake. Colette alishtuka kidogo, kisha akabetua midomo.

“Nitaigeuza ishirini na nne iwe ishirini na tatu. Nani atasoma? Wale kazi yao ni kuhesabu vifungo.”

“Dada, tuichane. Mwambie Bi. Tibbets ukweli.”

“Nimwambie nini? Kwamba nani aliandika zile herufi?” Colette alimkabidhi sahani aifute. “Ukinisema mimi, mdogo wangu, umejisema mwenyewe.”

Maneno hayo yalimkaa Romy siku nne. Aliogopa mwalimu mkuu, aliogopa mama, aliogopa hata polisi. Lakini kila alipomwona babu akikila chakula alichokatiwa, maana tangu sikukuu mzee hakukigusa tena kile kisu, hofu ile ilionekana ndogo. Maombi ya Colette yalikuwa yatumwe Jumatano.

Jumanne alipofika jumba la tiba hakuketi kwenye kiti chake cha kusubiri. Alikwenda moja kwa moja kwa Bi. Tibbets, akamwambia yote, tangu jina la Bi. Vifungo hadi mstari wa nane na nyama aliyokatiwa babu. Aliyasema huku anatazama viatu vyake.

Bi. Tibbets hakupandisha sauti. Aliuliza Colette yuko wapi, na Romy akaonyesha mkahawa ng’ambo ya barabara. Dakika tano baadaye Colette alikuwa ameketi mbele ya meza, mkoba wake wa maombi magotini, uso mwekundu. Mzee Casimir alikuwa pembeni na shati lake la vifungo saba, akisikia kila neno.

Bi. Tibbets alivaa miwani akaisoma karatasi polepole, mstari kwa mstari. Alipofika wa nane, ambao Colette alikuwa bado hajaugeuza tarehe, alicheka puani.

“Saa hizi nilikuwa namenya viazi jikoni kwa dada yangu. Sikujua nina mwanafunzi nyuma yangu.” Alimgeukia Romy. “Na wewe, L yako ni nzuri kuliko yangu. Yangu huwa ina haraka. Yako inaringa.”

Romy alitamani sakafu immeze.

“Mniite Bi. Vifungo, sijali,” Bi. Tibbets aliendelea. “Lakini sikilizeni nini maana ya kifungo. Nikimfungia babu yenu, shati linafungwa kwa sekunde tano, na kesho anahitaji tena mtu wa kumfungia, na keshokutwa, hadi atakapokufa. Mikono yangu inawasha kila siku. Ndiyo maana naikalia. Romy, wewe ulifikiri unamsaidia dada yako. Ulimfungia vifungo vinane. Kwenye sikukuu alikaa na babu yake mezani, shati lake mwenyewe likiwa wazi, hajajifunza kusubiri, na watu wote wakaona. Kumfanyia mtu jambo ambalo ni lazima alifanye mwenyewe si kumsaidia. Ni kumwibia.”

Kisha aliiweka karatasi katikati ya meza, mbele ya Colette. Alivuta kiti, akaketi, akapitisha mikono yake chini ya mapaja.

Colette alimtazama yeye, akaitazama karatasi. Alisubiri akemewe, aamriwe, anyang’anywe. Hakuna aliyefanya hivyo. Saa ya ukutani ilihesabu dakika moja, mbili, tano. Romy naye aliona mikono yake inawasha. Karatasi ilikuwa karibu naye, angeweza kuichana kwa sekunde moja na mambo yakaisha. Aliipeleka mikono chini ya mapaja akaikalia.

Dakika ya saba Colette aliishika karatasi. Machozi yalimtoka, na maringo hayakuwepo tena. Aliichana kati, akaichana tena, akaviweka vipande kwenye mkebe wa taka mwenyewe.

“Mwaka huu sitaomba,” alisema kwa sauti ndogo. “Naweza kuanza upya? Tangu saa ya kwanza?”

Bi. Tibbets alimjibu kwamba saa kumi na sita za Oktoba ni za kweli, ingawa zilitumika vibaya, na ni juu yake kuamua kama anaziona zina thamani. Colette alifikiri, akasema aanze na sifuri. Kuhusu ile barua ya mtu anayemfahamu, iliyotakiwa na chuo, Bi. Tibbets alisema ataiandika mwakani, akiona kuna cha kuandika. Usiku huo mama aliambiwa kila kitu na waliokosa wenyewe. Aliwaambia tu kwamba njia ya mwongo ni fupi, akawapangia wafue nguo za nyumba nzima hadi Krismasi.

Lakini kabla hawajaondoka jumbani siku ile, mzee Casimir alikohoa pembeni.

“Mmemaliza? Mimi nina kazi hapa.”

Alianza na kifungo cha chini. Hiyo haikuwa saa ya kuhesabiwa, maana mzee ni jamaa, na Colette alilijua hilo, lakini alivuta kiti akaketi mbele yake. Kifungo cha tatu kilimponyoka babu mara sita. Mkono wa Colette uliruka wenyewe, akaurudisha akaukalia. Nje theluji ilianguka na basi la kwanza la kuwarudisha nyumbani likapita, kisha la pili, na hakuna aliyelitaja.

Cha saba kilipoingia tunduni, mzee alijipapasa kifua toka juu hadi chini, kama alivyokuwa akikagua nyama zamani, kuhakikisha hakuna kilichoachwa. Kisha akawatazama wajukuu wake wawili waliokaa wima, mikono chini ya mapaja, kama watoto wa darasa la kwanza.

“Haya, inukeni,” alisema. “Mnipe koti. Nitalivaa mwenyewe.”